Mcheza Kwao Hutunzwa: Uhakiki wa Mpira wa Vijana wa Matemwe

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema ni ile isemayo: mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu hufafanuliwa kwa sentensi moja, kwamba atendaye jambo mbele ya watu wake hupata heshima na tuzo, kisha darasa huendelea na methali nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuirejesha methali hiyo uwanjani, kwa kuwa ilizaliwa katika mchezo. Tutaitumia kuwa kipimo cha kuuhakiki mpira wa miguu wa vijana wa Matemwe, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Unguja, pamoja na maisha ya klabu zinazowakusanya vijana hao.

Pengine atatokea msomaji wa kuuliza: je, mpira ni jambo la kuhakikiwa katika kitabu cha utamaduni? Tunajibu kwamba ndiyo. Ngoma tumezihakiki, mashairi tumeyahakiki, na taarab imeandikiwa mengi. Lakini mchezo unaowakusanya watu wetu kila alasiri, mashamba na mjini, tumeuachia watangazaji wa matokeo. Mpira uliingia Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa njia ya skuli ya wamisionari ya Kiungani na Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu za baharini. Ilipofika miaka ya 1920 vijana wa Ng'ambo walikwisha kuufanya wao, wakaunda klabu na kushindana kwa ari kubwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Kitu kilichokaa nasi kwa zaidi ya miaka 100 si mgeni tena. Na kitu kikishakuwa chetu, tuna haki ya kukisifu na tuna wajibu wa kukikosoa.

Sisi si walimu wa mpira. Umri wetu tumeutumia katika ofisi za Serikali na katika utungaji wa mashairi, na masomo yetu yalikomea sekondari. Lakini mtunzi wa mashairi hujifunza, tena kwa taabu, kutofautisha ufundi na sifa za ufundi. Ni kwa jicho hilo tulikwenda Matemwe kutazama, si mara moja, na ni kwa jicho hilo tunaandika.

Mcheza

Matemwe iko kiasi cha kilomita 50 kutoka Mjini, ikielekeana na kisiwa kidogo cha Mnemba. Ni nchi ya wavuvi na wakulima wa mwani, na siku hizi ni nchi ya nyumba za wageni pia. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni ya maweni, yenye udongo haba juu ya mawe ya matumbawe, hata kupata kipande kipana kilicho sawa ni shida. Kwa hiyo uwanja wa kwanza wa mtoto wa Matemwe ni pwani.

Uwanja huu unatawaliwa na mwezi. Katika siku za bamvua maji hutoka mbali sana asubuhi, lakini inapofika alasiri, saa ambayo watoto wametoka skuli na chuoni, bahari hujaa na kuufunika mchanga wote mgumu. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hutoka alasiri, japo hayaendi mbali, na ukanda mwembamba wa mchanga uliolowa hubaki wazi. Hapo ndipo vijiti huchomekwa kuwa magoli. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni mchanga laini unaouzima mpira mara moja. Mchezaji hana pa kukimbilia. Lazima ajifunze kuuweka mpira karibu na mguu, ageuke katika nafasi ya hatua mbili, na aupenyeze baina ya miguu ya wenzake. Wakati wa kusi mpira wa juu huchukuliwa na upepo, basi watoto hujifunza kuupitisha chini.

Kwa istilahi za uhakiki tulizozizoea, hiyo ndiyo fani ya mpira wa Matemwe, na ni fani nzuri. Nyayo zisizo na viatu huzijua pande zote za mpira. Kifundo cha mguu huwa chepesi. Mtoto wa miaka 10 aliyelelewa na mchanga huo huweza kuupokea mpira uendao kasi na kuutuliza kama aliyeuokota kwa mkono. Asiyeona uzuri wa jambo hilo hana jicho la sanaa.

Lakini mhakiki asiyeuliza habari za maudhui amefanya nusu ya kazi. Maudhui ya mpira ni nini? Kwa maoni yetu ni maana ya kila mguso kwa timu nzima: mpira huu unakwenda wapi, kwa nani, na kwa nini sasa? Katika jambo hili vijana wetu wana upungufu, na haifai kuuficha. Macho yao huinama. Aliyezoea ukanda mwembamba hutazama mpira na mguu wa adui tu. Akipelekwa katika uwanja kamili wenye urefu wa mita 100 au zaidi, haioni nafasi iliyo wazi upande wa pili. Wengi hutumia mguu mmoja, na ule mwingine ni wa kusimamia. Kisha wapo watazamaji, ambao ni washiriki katika kosa hili: chenga hushangiliwa kwa vifijo, ilhali pasi iliyofungua mlango hupita kimya.

Alasiri moja tuliona kijana mdogo, aliyevaa jezi iliyompita magoti, akipokea mpira mbele ya goli. Kila mtu alimtaka apige. Yeye aliinua kichwa, akamwona mwenzake aliye peke yake, akampa, na goli likapatikana. Watu walimbeba mfungaji. Karibu nasi alikuwako mzee mmoja mvuvi akishona wavu wake. Hakuusimamisha mkono, ila alisema kwa sauti ya chini kwamba goli lile ni la yule mdogo, kwani ndiye aliyeona. Mzee yule alikuwa mhakiki kutushinda sisi.

Ugonjwa huu tunaujua katika ushairi. Yuko mtunzi ambaye vina vyake havikosei na mizani yake haipungui, lakini ukimaliza ubeti unajiuliza amesema nini. Chenga isiyokwenda mahali ni kina kisicho na maana. Hatusemi chenga ziachwe. Shairi bila ya vina, kwa sisi tuliolelewa na vina, lina upweke wake. Tunasema chenga ifanye kazi katika sentensi.

Sababu kubwa ya upungufu huo, kwa maoni yetu, imo katika neno moja tulipendalo mno: kipaji. Kila kiongozi akizuru mashamba husema vijana wana vipaji, na kila mtangazaji hulikariri neno hilo. Linasikika kama sifa, lakini hutumika kama udhuru. Ikiwa mtoto amezaliwa na ujuzi, basi hakuna haja ya mwalimu, wala mipira, wala uwanja. Washairi nao huambiwa kwamba wamezaliwa nao. Wanaosema hivyo hawakuziona karatasi tulizozichana.

Tuchukue mfano wa hesabu ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuufanya ubaoni. Watoto 30 wamekuja mazoezini kwa saa 1, na mpira ni mmoja. Wakigawana sawa, kila mtoto atakuwa na mpira kwa dakika 2. Nao hawagawani sawa: mkubwa mwenye nguvu huchukua sehemu ya wenzake, na mdogo hurudi nyumbani hakuugusa. Sasa iwepo mipira 5, hata ikiwa mingine ni ya matambara, na watoto wagawanywe makundi ya watu 6, watatu kwa watatu. Kila mmoja atapata dakika 10, yaani mara tano ya zile za kwanza, na kwa kuwa wenzake ni wachache atalazimika kuinua kichwa kuwatafuta. Kipaji hakikuongezeka, mipira ndiyo iliyoongezeka.

Vivyo hivyo kuhusu vipimo. Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpira wao una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Tukimweka mtoto wa miaka 10 katika goli hilo, hawezi kuufikia mlingoti wa juu hata akiruka. Mshambuliaji wa rika lake hujifunza nini? Hujifunza kwamba kupiga juu kunatosha, wala hana haja ya kulenga. Miaka michache baadaye, akikabiliwa na mlinda mlango mrefu, hushangaa kwa nini magoli yamekauka. Mpira namba 4, ambao mzingo wake hauzidi sentimita 66, na magoli madogo ya vijiti ni vifaa vya watoto kwa haki. Pwani ya Matemwe imekuwa na magoli madogo siku zote. Sisi ndio tuliodhani kwamba maendeleo ni kuyaacha.

Kwao

Sehemu ya pili ya methali ni neno kwao, nalo ndilo zito zaidi. Mchezaji si mtu aliyeanguka kutoka mbinguni, ana kwao. Katika vijiji vyetu kwao kwa mchezaji ni klabu.

Klabu ya kijiji si watu 11. Ni baraza wanapokaa wazee waliokwisha kutundika viatu, na ambao kauli yao humaliza ugomvi kabla haujafika kwa sheha. Ni mchango wa kila mmoja, mdogo kwa mkubwa, wa kukodi gari ya kwenda kucheza kijiji kingine. Ni yule anayefua jezi na yule anayechora mistari. Ni vijana wanaokwenda pamoja mazikoni, na wanaosimama pamoja mwenzao anapooa. Watoto wadogo huanza kwa kubeba maji na kuokota mipira iliyotoka nje. Huku wakibeba na kuokota husikiliza: nani amelaumiwa na kwa nini, nani amesifiwa na kwa nini. Hilo ni darasa. Vikundi vyetu vya taarab, kama Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, havikuishi zaidi ya karne kwa sababu ya sauti nzuri tu. Viliishi kwa sababu wadogo walikaa pamoja na wakubwa.

Leo kwao kunabanwa kutoka pande tatu.

Upande wa kwanza ni ardhi. Nyumba za wageni zimeongezeka katika pwani ya mashariki, na kila penye ufukwe mpana pana anayeutaka. Hatuzilaumu nyumba hizo kwa kuwapo. Zimewapa vijana kazi, na wageni wengine hutoa jezi na mipira kwa moyo safi, nasi tunashukuru. Lakini jezi mpya haiwi uwanja. Kijiji chenye jezi seti tatu na kisicho na pahala pa kuzivalia kimepewa nguo za safari isiyokuwapo. Na katika ardhi ya maweni, kiwanja kilichosawazishwa kwa mikono ya wanakijiji ni mali adimu kama kisima cha maji baridi. Kisipoandikwa na kujulikana mipaka yake, siku moja watoto wataamka wakute ukuta.

Upande wa pili ni wakati. Kijana akipata kazi yenye zamu hakosi mazoezi kwa uvivu. Hukosa kwa sababu mshahara ni wa lazima. Klabu zenye busara hubadilisha saa zake. Zisizo na busara humfuta, kisha hulalamika kwamba vijana hawana moyo.

Upande wa tatu ni wasichana, ambao kwa muda mrefu neno kwao halikuwahesabu. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza katika pwani ya mashariki mwaka 1989, kinamama na binti zao wamekuwa wakiingia baharini katika maji ya kupwa ya bamvua. Msichana anayemsaidia mama yake, akaenda skuli, akaenda chuoni, akarudi kupika, hubakiwa na nini cha alasiri? Mwaka 2007 mtengenezaji filamu kutoka Kameruni, Florence Ayisi, alitoa filamu iitwayo Zanzibar Soccer Queens, kuhusu wanawake wa hapa Unguja wanaocheza katika timu ya Women Fighters. Filamu hiyo ilitazamwa nchi za nje kabla wengi wetu hatujaisikia. Haja ya kuwavunjia wazee heshima, wala ya kuiacha stara, haipo. Kinachotakiwa ni kipindi cha michezo cha skuli kilindwe, kisigeuzwe kuwa kipindi cha kufagia, kwa kuwa kwa wasichana wengi ndio uwanja pekee walio nao.

Hutunzwa

Sasa tufike kwenye neno la mwisho. Wajuzi wa lugha watakubaliana nasi kwamba kitenzi tunza kina maana mbili. Mtu humtunza mwimbaji au mcheza ngoma kwa kumpa fedha mbele ya watu. Na mtu humtunza mtoto, mgonjwa au mti kwa kumwangalia kila siku pasipo mtu kuona. Methali ilikusudia maana ya kwanza. Lakini lugha haikuziweka maana mbili katika neno moja bure, na kosa letu kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba katika mpira tumeishika tuzo na kuuacha ulezi.

Tuzo tunazijua. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda, na furaha ile haijasahaulika. Mwezi wa Disemba 2017, mjini Machakos, ilifika tena fainali ya kombe hilo, ikatoka sare ya 2–2 na wenyeji Kenya, ikashindwa kwa penalti. Majina ya Nadir Haroub na Feisal Salum, waliotoka Zanzibar wakang'ara katika klabu kubwa za Dar es Salaam, watoto wa pwani huyaita wakati wakicheza. Uwanja wa Amaan uliofunguliwa mwaka 1970 umejengwa upya, na mwezi wa Agosti 2025 ulipokea mechi za mashindano ya CHAN. Haya yote ni mema.

Lakini mwezi wa Aprili 2018 timu ya Zanzibar ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA huko Burundi, kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Tunaitaja aibu hiyo kwa sababu ni somo. Anayemchezesha mkubwa mahali pa mdogo ametaka tuzo bila ya ulezi. Hudhulumu watu wawili kwa pamoja: mdogo, kwa kumnyima miaka yake ya kujifunza, na mkubwa, kwa kumfundisha kwamba hafai mpaka adanganye. Umri katika mpira wa vijana ni mizani katika shairi. Ukiiba mizani, ubeti hausimami, hata maneno yawe matamu kiasi gani.

Dawa yake si hotuba. Ni daftari. Klabu iandike jina la kila mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa kutoka katika cheti, siku aliyojiunga na siku aliyoondoka. Daftari hilo lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa kanuni za FIFA zilizowekwa mwaka 2001, mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu isiyosajiliwa na isiyo na kumbukumbu haiwezi kudai kitu. Itabaki kusimulia barazani kwamba fulani alikuwa wetu.

Hata hivyo tusipimie ulezi kwa wanaouzwa. Katika watoto 30 wa mfano wetu, huenda asipatikane hata mmoja wa kucheza Amaan. Je, wale wengine ni hasara? Hapa ndipo palipo kiini cha uhakiki wetu. Ikiwa klabu ni ngazi ya kupandishia mmoja, basi 29 ni taka. Ikiwa klabu ni nyumba ya malezi, basi wote 30 wamefaidika: wamejifunza kungoja zamu, kukubali refa, kushindwa bila ya kutukana, na kuona aliye peke yake ukampa mpira. Watakuwa wavuvi, walimu, wapishi, makarani, na baadhi yao watakaa barazani kuwasuluhisha wadogo. Kijiji huishi kwa hao 29.

Kwa hiyo tunawaomba walimu mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: mipira mingi midogo badala ya mmoja mkubwa, daftari lenye umri wa kweli, na kukaa pamoja na sheha na wazee ili kiwanja cha kijiji kiandikwe kingali kipo. Wanafunzi nao tunawapa zoezi. Mtakapokwenda kutazama mpira wa rika lenu, chagueni mchezaji mmoja asiyefunga, mmwangalie tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mwandike ukurasa mmoja juu ya yale aliyoyaona yeye. Mtagundua kwamba kuna mpira wa pili ndani ya mpira, na kwamba watu wachache huutazama.

Mzee mvuvi wa Matemwe alikuwa akiutazama. Yule mdogo mwenye jezi iliyompita magoti hakubebwa siku ile, wala hakutuzwa. Iwapo kesho yake alikuwako mtu wa kumwambia kwamba alifanya vyema, na wa kumpa mpira auchezee tena, basi alitunzwa, naye alikuwa akicheza kwao.